Kutoboa, Tangu Darasa la Nne

Nikuambie ukweli, fomu yenyewe haikunishinda. Jina, elimu, urefu, uzito, vyote nilijaza pale steshenari ya Gongoni bila shida. Kilichonishinda ni kisanduku kimoja: sanaa na shughuli nje ya masomo, taja, eleza, weka barua ya mthibitishaji. Nilikuwa naomba kujiunga na chuo cha maofisa wa jeshi, na mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa. Mimi ni mtu wa kuandika sentensi moja mara tisa kisha nikairudisha ile ya kwanza. Nilikaa mbele ya kompyuta ile mpaka kijana mwenye duka akaanza kunihurumia.

Mwishowe nikaandika: Kutoboa, tangu darasa la nne.

Kijana akachungulia. "Dada, umetoboa tangu darasa la nne na bado unaomba jeshi? Wenzio tunatafuta kutoboa mpaka leo."

Ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi kutoboa ni kufanikiwa maishani. "Kutoboa kofia," nikamwambia.

"Hapo ndiyo umeharibu kabisa. Watakuuliza ulizitoboa kwa risasi? Andika netiboli. Wote wanaandika netiboli."

Sijawahi kucheza netiboli. Nakiri kwamba kidole kilishafika kwenye herufi ya kwanza.

Nyumbani kwa bibi neno lile halikuhitaji kumaliziwa. Baada ya swala ya adhuhuri wanawake wa mtaa walikuja uani mmoja mmoja, kila mtu na kitambaa chake cheupe kimefungwa ndani ya kanga kisishike vumbi. Nyuma yetu ilipita barabara ambayo wazee waliendelea kuiita njia ya misafara, na vumbi lake halikuwa na adabu. Jirani mmoja mwenye mkono mwepesi alichora maua na nyota kwa penseli kwenye vitambaa vya wenzake. Kisha walitoboa: unachoma kwa sindano nene, unapanua tundu, unalizungushia uzi mpaka ukingo unakuwa mgumu kama punje ya mchele. Tundu moja, halafu jingine, mamia kwa mamia, mpaka ua linajitokeza. Sinia la matobolwa lilikuwa katikati, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Aliyekula hakurudi kwenye sindano mpaka anawe kwa sabuni. Treni ilipopiga honi stesheni, mikono haikusimama, ila midomo ilisubiri ipite.

"Kofia ya mumeo naona inaingia mwaka wa pili," mmoja angesema.

"Kila nikikaribia kumaliza, kichwa kinaongezeka."

Mimi nilikatazwa kugusa. Viganja vyangu vinatoka jasho, hata sasa, na bibi alisema nitaacha ramani kwenye kitambaa cha watu. Basi nikajifundisha mwenyewe, na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilitoa sandukuni kofia ya marehemu babu, ambayo bibi alimshonea kwa mkono wake, nikajificha nayo stoo, nikaifumua uzi baada ya uzi nione inakwendaje. Nilikusudia kuirudishia uzi wake palepale kabla likizo ya darasa la nne haijaisha. Nilishona, nikaona si sawa, nikafumua. Nikashona tena, nikafumua tena. Kitambaa kikachoka, matundu matatu yakaungana kuwa moja.

Bibi aliikuta siku aliyokwenda kutafuta udi. Aliikunjua, akapitisha kidole kwenye lile pengo. Nilisubiri fimbo.

"Haya," akasema. "Ndani umeshapaona. Njoo ukae na sisi, kabla hujanimalizia na kanzu."

Nikakaa. Miaka yote ile nilitoboa nao, na miaka yote ile sikumaliza kofia hata moja, kwa sababu kila nilipokaribia mwisho niliona kosa mwanzoni. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kofia yangu ya kwanza nimeimaliza mwaka huu.

Sasa nani angethibitisha? Wawili katika wale wanawake wamezikwa, mmoja yuko Dar kwa mwanawe, nyumba iliuzwa na uani pamejengwa fremu za maduka. Alibaki yule jirani mchoraji, ambaye alihamia Isikizya kwa mtoto wake. Jumatano nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Macho yake yameshafunga, haoni tena. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa jirani yake wa Gongoni.

"Yule mfumuaji?"

Nikamweleza habari ya fomu. Akauliza kama siku hizi jeshini wanavaa kofia za Idi. Kisha akanyoosha mikono. "Lete."

Nikampa kofia yangu. Alianza juu, akazunguka pembeni, vidole vikitembea tundu kwa tundu. Upande wa kushoto vikasimama. "Hili umelivuta."

Nililijua. Nilikuwa nimelifumua mara nne. Nikatoa sindano mkobani. "Nipe dakika kumi, bibi, nilirekebishe."

Akaiweka kofia kwenye mkeka, akaikalia.

"Ukifumua, mimi nitathibitisha nini? Chukua karatasi, uandike."

Alitamka, nikaandika. Kwamba ananijua tangu nina meno ya utoto. Kwamba natoboa, na mkono wangu ni wangu mwenyewe. Kwamba kuna tundu moja limevutwa, upande wa kushoto, amelishika.

"Bibi, na hilo tuliandike?"

"Si wamesema nithibitishe?"

Mwanawe akamsomea barua yote, naye akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya maneno yangu. Nilikuwa nimeharibu herufi mbili kwa jasho. Hakukuwa na karatasi nyingine.

Ijumaa nilituma kila kitu. Kijana wa steshenari alisoma barua ile mara mbili na hakutania. Nilipotoka nilipita zilipo zile fremu, pale palipokuwa uani. Duka la kwanza linauza kofia za mashine, nzuri kweli, kila tundu sawa na mwenzake. Niliishika moja, nikazungusha kidole kote, hakikusimama mahali. Muuza duka hakujua imeshonwa na nani, wala mimi sikuona kwa nini ajue.

Majibu hayajatoka. Fomu ilitaka pia picha ya kazi yenyewe. Niliipiga asubuhi ile ya Ijumaa, dirishani penye mwanga, kofia nimeigeuza upande wa kushoto uonekane.