Nilifuta Harusi ya Watu, Mkwe Wangu Ndiye Anayelaumiwa

Admini, jina langu lifiche vizuri. Mwanangu hapiti humu, yeye ni wa kurasa za mpira, lakini majirani zangu wamejaa.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, niko Mbulu, na ndiye fundi wa kompyuta wa familia yetu. Haya, ufundi nimeuongeza. Shule niliachia darasa la nne, na kwenye kompyuta najua kuwasha, kucheza karata na kuangalia ngoma. Lakini karata hamniwezi.

Mwanangu na mkewe wanapiga video za harusi na vipaimara. Nyumbani kuna kompyuta tatu: ya mwanangu, ya mkwe wangu, na ile kuukuu ya sebuleni waliyoniachia nisiwasumbue. Zote zinafungua mafaili yaliyo kwenye kiboksi kimoja cheusi kilichochomekwa kwenye ruta. Hilo la kiboksi nimelielewa nikiwa nimeshaharibu.

Sisi huku mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wangu wengine wako Masakta kwa rafiki yangu, wengine Hirbadaw. Ugonjwa ukiingia hapa, kule wapo. Sasa nilipoona harusi ya jirani iko kwenye kompyuta yangu, nikachungulia kwa mwanangu ipo, kwa mkwe ipo, nikasema kumbe hawa watoto nimewalea vizuri, wameitawanya. Jumatatu nikataka kuweka ngoma zangu kutoka kwenye flashi, kompyuta ikagoma, nafasi imejaa. Nikafuta harusi. Ya kwangu tu, nilivyojua mimi. Kumbe alikuwa ng'ombe mmoja, tunamwangalia kupitia milango mitatu.

Jioni mwanangu akaitafuta, hakuna. Wiki iliyopita walikuwa wamegombana, basi akamgeukia mkewe. "Umefuta ili unikomoe!"

"Mimi? Nimeihariri mpaka macho yanauma, halafu nifute jasho langu mwenyewe?"

Wakaniuliza na mimi. Nikasema, "Hicho kipanya chenu nakiogopa, kitaning'ata." Wakacheka, mkwe wangu naye akacheka huku machozi yanamtoka. Kesho yake akafunga begi, akarudi kwao Hanang. Kuniaga aliniaga: "Ubaki salama, baba. Dawa yako ya presha nimeiweka juu ya kabati." Hapo ndipo paliponichoma, na mpaka leo panachoma.

Jana mwanangu akampigia fundi wa Babati, simu iko kwenye spika. Fundi akasema, "Kama imefutwa juzijuzi, zimeni hicho kiboksi, msiongeze kitu, mniletee. Huenda ikapatikana. Mkiweka vitu vipya vitaifunika."

"Aah, huyu alifuta tangu wiki ile tulipogombana. Basi tena," mwanangu akajibu, akaanza kumwaga kipaimara kingine humo humo.

Mimi najua ni Jumatatu. Nikafungua mdomo, ukatoka mwayo. Alipokwenda kuoga nikachomoa kiboksi, nikakifukia katikati ya magunia ya mahindi.

Nilidhani nimeokoa. Nimechochea. Sasa anasema mashemeji zake wamekuja kumwibia kwa kutumwa na dada yao, na Jumapili anakwenda Hanang na wazee kudai mali yake na kumwacha mke hukohuko. Na msafara amenipa mimi niuongoze! "Baba, wewe unajua kusema, utatutangulia."

Mwanangu simwogopi. Nitamkabidhi kiboksi chake, atafoka, nitamkumbusha nani alimzaa. Tatizo ni yule binti. Mzee kumwomba radhi mke wa mwanawe, sikuiona kwa baba yangu wala kwa babu. Nikimpigia ataanza, "Shikamoo, baba," nitaitikia marahaba, nitauliza hali ya mvua na ng'ombe wa kwao, na simu itaisha hivyo. Nimeshajaribu mara mbili. Mvua kwao ni nzuri.

Ndugu zangu, kila kisa humu mimi nawaandikia ushauri chini, hata msipouomba. Yule dada aliyetaka kurudiana na mwanaume mwenye wake wawili, nani alimkataza? Kwa hiyo ninawadai. Nilipeni kidogo tu kabla ya Jumapili: mniandikie hapo chini maneno ya kumwambia mkwe wangu, yale yanayokuja baada ya marahaba.