Kamba za Mokami

Mokami alizaliwa akicheza, au ndivyo mama yake alivyopenda kusema. Ritungu, zeze kubwa la Kikurya, likilia ng'ambo ya mto, mabega yake yalishaanza kazi kabla hajauliza ni sherehe ya nani. Alikuwa fundi cherehani hapo Nyarero, na hata cherehani aliikanyaga kwa mdundo, ndiyo maana mishono yake ilikuwa na mawimbi. Wateja walidhani ni mtindo.

Miaka ile ya tisini dhahabu ilipoonekana mlimani nyuma ya kijiji, mahindi yaliachiwa nyani. Watu wakamiminika kutoka Geita na Kahama, mlima ukatobolewa mashimo kama chujio, na kila Jumapili jioni uwanja wa ngoma ukajaa vumbi mpaka usiku.

Hapo ndipo Mokami alipoliona benchi.

Lilikuwa benchi refu kando ya uwanja, na juu yake walikaa vijana wa Kikurya, mmoja mguu umefungwa hogo jeupe la hospitali, mwingine mkono, mwingine shingo imekakamaa kama ya korongo. Kaka zake wawili walikuwemo. Uwanjani waliobaki ni wageni. Mbele yao alitamba Athanas wa Geita, mtu mwema sana, aliyecheza kama aliyeingiwa na siafu kwenye suruali.

"Daktari, kwa nini wetu tu?" Mokami alimuuliza Okal, mganga wa zahanati, aliyekuja kuangalia wagonjwa wake wasijaribu kuruka.

"Hata mimi nashangaa, dada. Mlima ni mmoja, mawe ni yaleyale. Mgeni akija kwangu ana malaria. Mwenyeji akija, anakuja kwa machela."

"Wana dawa gani?"

"Wana kamba."

Ilikuwa kweli. Wageni walishapita machimbo mengine na kuzika wenzao huko, basi hakuna aliyeshuka shimoni bila kujifunga kamba kiunoni na kuifunga ncha nyingine kwenye gogo la juu. Wenyeji walishuka kwa vidole vya miguu, wakikanyaga vishimo walivyochonga ukutani. Kamba ni ya ng'ombe, walisema. Mwanamume aliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho hawezi kufungwa kama mtamba.

Mokami angewaachia ukaidi wao, ila mmoja wao alikuwa Waitara. Huyo alikuwa mchumba wake, mchezaji asiye na mpinzani, na harusi yao ilipangwa baada ya mavuno ya ulezi.

"Jifunge kamba," alimwambia.

"Mura kama mimi, shujaa wa Kikurya? Si unipeleke mnadani kabisa."

"Ukivunjika, siku ya harusi nitacheza na Athanas."

"Kwani Athanas anajua kucheza?"

"Ana miguu miwili. Siku hizi hiyo ndiyo sifa."

Waitara alicheka, akaenda zake mlimani. Mokami hakucheka. Alijiona ameshaolewa na benchi.

Msimu wa tohara ukafika. Siku moja kijana alirudishwa nyumbani na msafara, shangazi na dada zake wakimfunga kanga moja juu ya nyingine, mpaka akafanana na duka la nguo linalotembea. Kijana alikwenda kifua mbele. Mabega ya Mokami yakasimama ghafla, jambo ambalo halijawahi kutokea. Huyu hapa mwanamume kafungwa kutoka shingoni hadi magotini, na hakuna anayemwita ng'ombe.

Alikimbia nyumbani. Alitafuta kamba ya manila, akamwomba Athanas aijaribu kwa uzito wake, akaivika kanga nyekundu na kuishona kwa mawimbi yake yote. Jumapili, ngoma ikiwa imepamba moto, alimwendea Waitara akicheza, akamfunga kiunoni mbele ya kijiji kizima. Wanawake wakapiga vigelegele. Waitara akaanza kucheza, kwa kuwa kiuno kikishapambwa hakitulii.

Wiki ile dada, wachumba na mama walijaa mlangoni kwa Mokami, wakitaka kamba za vijana wao. Aliyekwenda mlimani bila kamba alionekana hana hata shangazi.

Lakini machela hayakupungua. Mokami akapanda mlimani mwenyewe, akazikuta kamba zake zote zimeanikwa vichakani, nyekundu, kijani, njano, na wenyewe wako chini shimoni.

"Waitara!" aliita kwenye mdomo wa shimo. "Kamba yako inafanya nini kichakani?"

"Naitunza," sauti ikajibu kutoka gizani. "Itachafuka."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kifusi, akijifuta machozi. Kisha akatangaza, wa mashimo yote wasikie: "Jumapili nakagua. Nikikuta kamba safi, nitajua mwenyewe hampendi aliyemfunga."

Jumapili hiyo walikuja wakishindana kwa uchafu. Wawili waligundulika wamepaka matope ya kisimani, wakazomewa. Waitara alifika wa mwisho, kamba yake haijulikani rangi, kanga imechanika upande mmoja.

"Hii imekuwaje?" Mokami aliuliza.

"Jana kishimo kilimeguka," alisema, akiangalia pembeni. "Nikaning'inia."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe wa mahari," akasema. "Yule ambaye hakuna anayetaka apotee."

Ulezi ulipovunwa, zahanatini kwa Okal wenyeji na wageni walikuwa wakija sawasawa, na wengi wao kwa malaria. Kaka zake Mokami walikuwa wameshavuliwa hogo. Benchini walikalishwa wazee, na harusini mama wa bibi harusi alitaka kamba ya bwana harusi ifuliwe kwanza. Mokami akakataa. Waitara akacheza nayo juu ya suti, ikidondosha udongo mwekundu, na nyuma yake Athanas na siafu wake.