Aliyelima Karibu Yetu

Juzi, hapa mtaani Kawale, mwanangu alinifungulia daftari lake la Kiingereza: andika maana ya "neighbour". Nikamfukuza akacheze. Rafiki yangu, nalichukia neno hilo tangu utoto.

Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikokulia, mwalimu wetu alipenda kuchimbua maneno. Alitufundisha kwamba Waingereza wa zamani waliunganisha maneno mawili, la karibu na la mkulima, wakapata neighbour, yaani jirani: anayelima karibu yako. Nilikimbia kumpelekea bibi habari hiyo tamu. Alikuwa anapepeta maharage, akacheka kwa dharau.

"Ule mwalimu yako hajalimaka na jirani yetu."

Jirani yule alikuwa mnafiki mwenye tabasamu. Kila msimu alimega shamba letu kidogo kidogo. Mwishowe bibi akachomeka vijiti vya muhogo mpakani, kama walivyofanya kwao Fizi kabla ya kukimbia vita, ambako hakuna aliyethubutu kuving'oa.

Asubuhi moja, nikifukuza kuku shambani, nikamkuta jirani anaving'oa na kuvichomeka upya, matuta mawili ndani ya shamba letu. Aliponiona hakushtuka. Alinipa andazi la moto, nami nikalila palepale, maana kwetu asubuhi ilikuwa uji usio na sukari.

Bibi alipoona vijiti vimehama, akamwita mwenyekiti wa mtaa. Wakanisimamisha katikati ya matuta.

"We mtoto, uliona nani aliving'oa?" mwenyekiti akauliza.

Jirani akanitabasamia.

"Mi sikuona."

Midomo yangu ilikuwa bado inang'aa mafuta. Bibi aliitazama. Matuta yakaenda. Jioni alinipakulia nsima, ugali wa huku, na maharage kama kawaida, kisha akasema taratibu, "Yeye alikamata matuta mbili tu. We njo mwenye uliniuzisha."

Bibi tulimzika. Jirani alipelekwa ng'ambo pamoja na familia yake, kama wakimbizi wengine waliopata nafasi, bila shaka anatabasamu huko pia. Shamba limejengwa nyumba za tofali, na yale maharage mabichi tuliyokuwa tunayamenya mlangoni siyaoni tena. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na miaka yote nilidhani wanamsema jirani.

Mwenyekiti bado yu hai. Mara tatu nimekwenda Dzaleka nikamwambie kwamba niliona. Mara tatu nimemkuta amekaa mlangoni pake, nikamsalimia, nikapita.