Sarafu ya Fundi Eliufoo

Fundi Eliufoo hajui kukaa. Ukimkaribisha kiti, atakigeuza kwanza aone kama miguu imekaza. Alizaliwa milimani, Upare Kusini, akajifunza kazi ya faiba Same mjini kwa kuziba bampa za mabasi, kisha akashuka kwetu, bwawa la Nyumba ya Mungu, tulipoanza kununua boti za faiba. Mimi nauza perege. Boti ninayo moja, na nahodha wake ni mwanangu Yunus. Kwa hiyo fundi huyu namjua, na nimemgombeza mara nyingi kuliko mkewe.

Mwezi wa kumi na moja jiwe liliikwaruza boti chini ya tumbo. Mkwaruzo haukuzidi kiganja. Eliufoo akaupiga msasa mpaka nyuzi za faiba zikaonekana, akasema uachwe juani siku nne, unyevu utoke. Nikamwambia siku nne ni za watu wa milimani. Mimi Jumapili nataka samaki. Naye Jumapili hiyo alikuwa na kipaimara cha binti yake Yudith, hivyo hakubisha sana. Kesho yake akaziba, akapaka rangi.

Jumamosi akakigonga kiraka kwa sarafu, kama kawaida yake. Pakavu hulia kwa sauti kali, penye maji huitika kwa sauti nzito. Nilimwona akigonga mahali pamoja mara tatu. Kisha akatia sarafu mfukoni, akapanda gari kwenda kwao.

Jumapili saa tatu simu yangu ikalia.

"Mama Yunus, boti isiingie majini. Kuna mahali paliitika vibaya, nikanyamaza."

"Imeondoka tangu alfajiri."

"Basi nakuja."

Nyuma ya sauti yake kwaya ilikuwa inaimba.

Simu ya Yunus haishiki mtandao katikati ya bwawa. Mimi niliyezoea kumcheka Eliufoo, siku hiyo kiti kilinishinda. Nilipanga ndoo za samaki, nikazipangua, nikazipanga tena. Niliwaza kiraka kikibanduka mbali na ukingo, na Yunus peke yake. Niliogopa sana. Kati ya dua moja na nyingine nilitafuta maneno ya kumwambia fundi, na yote yalikuwa machungu.

Alifika saa saba kwa bodaboda, suti yote vumbi. Hatujasalimiana vizuri, Yunus akatokea na boti yake, anapiga mluzi.

"Kuna msiba?" akauliza alipotuona tumesimama majini hadi magotini.

Eliufoo akaikamata boti. Tukaivuta boti, tukailaza ubavu, akachokoa rangi kwa kisu. Maji kama kijiko kimoja yakachuruzika. Kiraka kikabandukia mkononi mwake kizimakizima.

Nikafungua mdomo nimpe yake. Simu yake ikalia. Alikuwa Yudith, na sauti ilisikika hadi kwangu.

"Baba, jina langu liliitwa. Nikageuka, hukuwepo."

Eliufoo alitazama kile kiraka. Nikamchukulia simu, nikajitambulisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako amekuja kwa ajili ya kijana wangu. Mimi ndiye niliyemharakisha kazi. Usimkasirikie yeye."

Yudith naye anamjua baba yake.

"Sasa amekaa?"

Nikageuka. Fundi Eliufoo alikuwa ameketi kwenye tope na suti yake ya kanisani, kiraka mapajani.

"Amekaa," nikamwambia.