Nilivyomsomea Kaka Kompyuta Yake

Kisukari kilimpofusha kaka yangu akiwa bado na karakana ya kompyuta Miembeni, mjini Bukoba. Mwanzoni aliwaomba wateja wamsomee maandishi madogo. Baadaye akawa anajichoma vidole kila alipolehemu. Mwishowe alimwachia karakana mwenzake waliyefanya kazi pamoja, akarudi kijijini kwa mama, wilayani Muleba, na kompyuta moja kuukuu ambayo hakuna mteja aliyeitaka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapo kijijini. Shule zilipofungwa kwa likizo aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekumbuka mfumo mmoja wa kompyuta, wa bure, unaosoma kwa sauti kila kinachoonekana kwenye skrini, na mwenzake alikuwa ameutuma kwa basi, kwenye flashi.

"Tukiuweka huu nitafanya kazi tena," alisema. "Wewe nisomee tu."

Tuliwasha. Maandishi meupe ya Kiingereza yakatokea kwenye skrini nyeusi.

"Inasema haioni diski," nikamwambia.

"Sijakuuliza inasemaje. Soma ilivyoandikwa, neno kwa neno."

Nikasoma upya. Mstari wa juu, ambao nilikuwa nimeuruka, ulisema saa ya kompyuta imepotea. Akatikisa kichwa. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, akanieleza, hivyo umeme ukikatika mashine inasahau tarehe na mipangilio yake yote, hata namna ya kuwasiliana na diski. Alifungua kasha kwa kupapasa, akaing'oa betri kwa ukucha. Nilipata nyingine kwa fundi saa karibu na stendi, nikairudisha mipangilio kama alivyonielekeza.

Diski ikaonekana, lakini kazi ya kuuweka mfumo ilifika katikati ikakwama, faili zimeshindwa kunakiliwa. Akachomoa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akakisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Tulianza upya, ikakwama pengine. Tukaanza tena. Mimi nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa amekuwa mkali.

"Mwalimu mzima unakatakata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza?"

Mama alikuwa uani akipepeta maharage. Akamwambia kwa Kihaya aache, mimi si mtumishi wake. Kaka aliinama akaweka sikio kwenye kasha.

"Njoo usikilize."

Niliinama. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kisha kimya, kisha mkwaruzo tena.

"Diski inakufa," alisema. "Ningekuwa na macho ningeendelea kuhangaika na skrini hadi jioni."

Jumamosi nikaenda Bukoba kwa mwenzake kutafuta diski nyingine. Ni Mwislamu wa mjini pale, mtu mpole ambaye babu yake alitoka pwani. Alinipa kiti, akanitafutia diski iliyotolewa kwenye mashine nyingine, akaipima kwanza.

"Dada, anaona hata kidogo?"

"Haoni kabisa."

Aliifunga ile diski kwenye gazeti, polepole. "Mwambie Ijumaa baada ya swala nitakuja kumsalimu."

"Amesema usije."

"Najua," alisema. "Wewe mwambie tu."

Kwa diski ile mfumo uliingia bila kukwama. Mashine ilipowaka tena ikatoka sauti ya Kiingereza, kavu, ya haraka. Mama alikuja mlangoni na ungo mkononi.

"Nani huyo unaongea naye?"

Kaka alicheka. Akaweka vidole kwenye kibodi, na kila alipobonyeza sauti ilimtajia alipo. Aliketi hapo mchana kutwa, akijaribu hiki na kile, akiniambia niende zangu, hanihitaji tena. Nilikwenda kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kukata majani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu arudi.

Jioni mvua ilikuja, umeme ukakatika. Uliporudi nilimkuta amewasha kompyuta, ameketi ameinua uso, anasubiri ile sauti. Mashine ilitoa mlio mmoja ikanyamaza.

"Soma," alisema.

Lilikuwa jambo dogo. Mashine ilisema ilizimwa ghafla, ikataka mtu abonyeze kitufe ili iendelee. Nikabonyeza, na baada ya muda sauti ikarudi. Lakini kaka alikuwa ameshaondoa mikono mezani.

"Umeona?" alisema. "Ikiwa nzima, inaongea. Ikiharibika, inanyamaza. Na mimi watu wananiletea zilizoharibika."

Nilimwambia anaweza kuandika, anaweza kusoma habari.

"Hayo ni mambo ya watu wengine." Akazima.

Mwenzake alikuja ile Ijumaa. Kaka alikataa kutoka chumbani, na yule bwana alikunywa chai na mama, wakazungumza habari za mvua, kisha akaaga.

Kompyuta sasa iko chumbani kwangu, naandikia mitihani ya wanafunzi. Kaka hukaa jikoni na mama, humenya ndizi kwa kupapasa. Amekuwa mwepesi, hajikati. Wageni wakiingia wakamkuta na kisu na maganda yamejaa mapajani, mwanamume mtu mzima, hushangaa kidogo kisha huangalia pembeni. Yeye huendelea kumenya.