Ukuta wa Makocha

Wiki hii nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kikongo anayefanya kazi ghalani hapa Buffalo, na binti yake mcheza kikapu, hadi chuo kimoja nikamtafsirie. Kocha mkuu wa timu ya mpira wa kikapu wa hapo alikuwa amekula ugali nyumbani kwa mama huyo, akamwahidi kwamba chuo kitamsomesha binti yake. Kabla hajaandika barua ya ahadi hiyo, akafukuzwa.

Kocha mpya alitupokea amesimama. "Ahadi hiyo sikuitoa mimi," alisema.

Ukutani zilipangwa picha za makocha wakuu wote tangu timu ianzishwe. Mama akazipitia kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Hawa bote balienda wapi?"

"Wengi walifukuzwa," kocha alikiri.

"Mom, please," binti alinong'ona, macho chini.

"Acha niseme. Donc, kocha akifukuzwa, picha yake munabakisha. Juu ya nini ahadi yake munaitupa?"

Nilitafsiri huku jasho likinitoka. Kocha alitupa kisogo akizitazama picha, mpaka nikadhani tumefukuzwa na sisi. Kisha akamwambia binti avae viatu vya kuchezea. Alimtazama uwanjani saa nzima bila kutabasamu, akarudi ofisini, akachukua kalamu.

Mama akamshika mkono. "Bon, asante. Lakini sahihi aweke mutu mwenye hawezi kufukuzwa."

Mimi ni mkalimani mwaminifu. Hapo tu nililainisha maneno, nikamwambia kocha kwamba mama angefurahi mkuu wa chuo naye akitia sahihi. Barua ilifika jana, na sahihi ni mbili.