Siku Niliyompima Mama Ruth Masikio

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kanisa letu, maana hao wanaongeza chumvi: ni kweli, nilimpima mama wa watu kama ng'ombe, Jumapili, mbele ya kanisa nzima, nikiwa nimevaa tai.

Ilianza na koti. Mimi nauza dawa za mifugo kwa duka la agrovet hapa Eldoret, na vumbi ya chakula ya ng'ombe ilikuwa inanimaliza nguo, basi nikanunua koti jeupe la mtumba. (Koti tu, jameni!) Wiki hiyo hiyo mzee mmoja wa Burnt Forest akaniuliza, "Daktari, hii ya minyoo napea ndama kiasi gani?" Ningemwambia mimi si daktari, nasoma tu ile karatasi ya ndani ya pakiti. Lakini alikuwa amevua kofia, na mtu akikuvulia kofia utamwambia airudishe? Nikamjibu polepole, kwa sauti nzito ambayo sikujua ninayo.

Baada ya miezi michache nilikuwa daktari mpaka kanisani. Nikaanza kutembea na mikono nyuma, kunyamaza kidogo kabla ya kujibu hata salamu, na nikanunua miwani ilhali macho yangu ni mazima kabisa. Kiti cha mbele wakinipa, naketi. Wao ndio walioamini kwanza. Mimi nilikuja kufuata.

Basi Jumapili hiyo, katikati ya maombi, Mama Ruth, mwenyekiti wa akina mama, akaanguka pu! Pasta akasema kwa maiki, "Msiogope, Daktari yuko hapa." Hata mimi niligeuka kumtafuta huyo daktari (naapa), kisha nikaona macho yote yako kwangu.

Nikaenda. Ningefanya nini? Nikapiga magoti, akili tupu, na mikono ikafanya kile inachojua: ikamshika masikio. Yalikuwa baridi. Sasa, ng'ombe akianguka na masikio yake ni baridi, kuna swali moja la kuuliza, nami nikaliuliza kwa ile sauti nzito, nikimwangalia bwana yake, Mzee Kibet, maiki ya pasta ikiwa hapo hapo juu ya kichwa changu.

"Amezaa lini?"



"Daktari," mzee akasema, "huyu ako na miaka sitini na mbili."

Wanjiru, msichana tuliyemjua tu kama yule wa kugawa chai, akatoka viti vya nyuma, akanisogeza kando kwa upole. "Niachie, mimi ni nesi." Akamlegeza mshipi, akamwinua miguu, akaomba madirisha yafunguliwe. Mama Ruth (kumbe alikuwa amefunga siku tatu bila chakula) akafungua macho, akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Kwani nimezaa?"

Watu walicheka mpaka pasta mwenyewe akakaa chini.

Jumanne Mama Ruth akaingia dukani. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia, lakini alikuwa ameshaniona.

"Nipatie chumvi ya ng'ombe, Barnaba."

Nikageuka nyuma kuangalia Barnaba ni nani.

Tangu siku hiyo nimeapa kutoitikia tena jina ambalo mama yangu hakunipa, ingawa, kusema ukweli, hilo alilonipa bado nalizoea.